Kumbukumbu ya mradi wangu: kuandikiana mikataba na wateja wa matangazo hapa Mwanza

Wiki ya 1 na ya 2

Jina la biashara limetoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi (TIN) ninayo, na wateja wawili wameshakubali: mama mwenye mgahawa wa sato Kirumba na dada mwenye saluni Buzuruga. Kazi ni ileile niliyozoea kuwafanyia ndugu na marafiki bure. Napiga picha, naandika posti za Facebook na Instagram, nasimamia matangazo ya kulipia, nahakikisha biashara inaonekana kwenye ramani ya Google. Bei ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Hatukuandikiana chochote. Tulikubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono, nikaanza.

Makubaliano ya mdomo yana nguvu yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila mkataba uwe kwenye karatasi. Shida ni pale kila mmoja anapokumbuka lake.

Wiki ya 5

Dada wa saluni alinitumia 330,000 kwa mkupuo mmoja: 250,000 zangu na 80,000 za matangazo. Mwisho wa mwezi akaniuliza, "Kaka, sasa hiyo hela yote imeenda Facebook, mbona wateja ni hawa hawa?" Yeye alielewa kwamba pesa yote inalipiwa matangazo, na mimi nitapata changu wateja wakishaongezeka. Tulikaa karibu saa nzima tukiangalia risiti za matangazo kwenye simu yangu. Mwisho alielewa, na mwezi wa pili alilipa, ila nilimwona uso umebadilika. Iliniuma sana, kwa sababu hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyepokea pesa za aina mbili bila kusema ipi ni ipi.

Wiki ya 6

Nilitafuta mfano wa mkataba mtandaoni, nikautafsiri, nikapata kurasa 9 zenye faini ya milioni mbili kwa atakayeuvunja. Rafiki yangu wakili aliusoma akaufuta karibu wote. Kwanza, mkataba ulikuwa kati ya mteja na jina la biashara. Akanieleza kuwa jina la biashara si kampuni, haliwezi kushtaki wala kushtakiwa peke yake, kwa hiyo niandike jina langu kamili, kisha "anayefanya biashara kwa jina la". Pili, ile faini. Hata tukiiandika, mahakama hutazama fidia inayostahili, na kiasi kilichoandikwa kinabaki kuwa kikomo tu. Kumtisha mama ntilie kwa milioni mbili ambazo huenda nisizipate kamwe ni kumfukuza bure.

Sasa ni karatasi moja, mbele na nyuma, kwa Kiswahili cha kawaida. Ada yangu ina mstari wake na pesa ya matangazo ina wake. Mteja anaweka kadi yake mwenyewe kwenye akaunti ya matangazo. Asipokuwa nayo, ananitumia kabla sijawasha tangazo, nami namrudishia risiti. Kazi imeandikwa kwa hesabu: posti 12 kwa mwezi, siku moja ya picha, marekebisho mara mbili kwa kila posti. Nusu ya ada inatangulia. Anayetaka kuacha anatoa taarifa siku 14 kabla. Idadi ya wateja sijaahidi na sitaahidi. Ninachoahidi ni ripoti ya simu zilizopigwa na jumbe za WhatsApp zilizoingia.

Wiki ya 8

Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Igoma. Hii ndiyo siku iliyonifundisha zaidi.

Nilimwamkia, nikatoa karatasi, akaisukuma pembeni. "Mwanangu, ukinisainisha maana yake huniamini." Sikubishana naye. Nikamwomba nimsomee tu, kwa sauti, kipengele kimoja kimoja. Alisikiliza kimya hadi nilipofika kwenye akaunti: ukurasa wa Facebook, akaunti ya matangazo na wasifu wa Google vitafunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya mteja, mimi nitaongezwa kama meneja, na mkataba ukiisha ataniondoa. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Kumbe kijana aliyemfanyia kazi kabla yangu alifungua kila kitu kwa akaunti yake, akahama mji, na duka hadi leo linaonyesha namba ya simu isiyopatikana.

Akasaini palepale. Kisha tukaomba umiliki wa ule wasifu. Google humwandikia kwanza anayeushikilia na kumpa siku chache za kujibu. Yule kijana alikubali bila shida. Baada ya hapo mmiliki mpya hungoja siku 7 kabla ya kuruhusiwa kumwondoa wa zamani, na mzee alikuwa akinipigia kila asubuhi kuuliza zimebaki ngapi.

Wiki ya 10

Hoteli ndogo, kampuni kamili. Ankara yangu ilikuwa 400,000, ikaingia 380,000. Nilidhani wamekosea, lakini ni kodi ya zuio: asilimia 5 ya malipo ya huduma, ambayo anayelipa huikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Nimeongeza mstari: panapokatwa kodi ya zuio, mteja anipe cheti chake, kwa sababu nitakihitaji nikifanya hesabu zangu na TRA.

Wakanipa pia orodha ya namba za wageni wao niwatumie ofa kwa SMS. Hapo nilisita. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wageni wale walitoa namba ili wapate chumba tu. Tumeafikiana kuiacha orodha hiyo. Mapokezi wameweka fomu yenye kisanduku cha tiki kwa anayetaka ofa, na mkataba unasema namba hizo ni za hoteli, mimi nazifuta kazi ikiisha.

Wiki ya 12

Wateja wanne, waliosaini ni watatu. Dada wa saluni alisaini wa kwanza, na safari hii yeye ndiye aliyenisomea mimi.

Amebaki mama wa Kirumba. Herufi ndogo zinamsumbua macho, kwa hiyo nimechapa upya kwa herufi kubwa, karatasi zimekuwa tatu, na binti yake atakuwa shahidi. Kuna kipengele ninachotaka tukiandike pamoja: picha zinazoonyesha sura za walaji. Nataka waulizwe kwanza, ila yeye ndiye anayewajua na ndiye atakayesimama mezani kuwauliza. Tumepanga Jumamosi saa tisa alasiri, wakati wa chakula cha mchana ukishapita na jiko limetulia.