Kijimji cha Vermont na ubishi wa lori

Juzi usiku tuko barazani, kahawa ishazunguka mara mbili, ami akaniuliza tena, "Na lile lori, walinunua?" Hii ni mara ya nne. Basi naandika stori yote hapa mara moja, mwengine akiniuliza namtumia linki.

Kaskazi hii tulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani wa kijimji kimoja cha Vermont, umri sawa na ami, amekuja Amu, yaani Lamu, kupumzika. Nikampeleka Takwa na mashua, tukavua, hakushika samaki hata mmoja, lakini jioni hakosi barazani, anakunywa ile kahawa tungu kama aliyezaliwa Langoni. Siku moja akasema anakatiza likizo arudi kwao, kuna shughuli Jumanne ya kwanza ya Machi. Ami akauliza, harusi au matanga? Akajibu wala, ni mkutano wa mji, na mwaka huu kuna ubishi wa lori la kuondoa theluji barabarani, akikosekana yeye watu watapitisha pesa kiholela.

Mtu aache bahari ya Shela mwezi wa Februari akabishane kuhusu lori! Nikajua hapa pana jambo.

Nikakaa na simu, bando likaisha, nikanunua jengine. Vermont ni jimbo dogo huko kaskazini mashariki mwa Marekani, limepakana na Kanada, sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077. Jimbo zima hilo! Karibu watu 65 katika kila 100 wanaishi mashambani, hakuna jimbo jengine lenye kiwango hicho. Mji mkuu ni Montpelier, una watu kama 8,000 tu, ndio mji mkuu mdogo kuliko yote ya majimbo ya Marekani. Ni ng'ombe wa maziwa na ile miti wanayoigema maji yake na kuyachemsha mpaka yawe shira, yaani wagema wenzetu, ila wao wanagema shina si kilele.

Sasa huo mkutano. Kila mwaka Machi, kabla ya kazi za shamba kuanza, watu wa mji wanakutana ukumbini au shuleni, mwenye haki ya kupiga kura kwenye mji huo ana sauti. Wanachagua mwenyekiti wa kuendesha mkutano, kisha wanapitia ajenda moja moja, pesa za barabara, za maktaba, za zimamoto, mtu anasimama anauliza mbona changarawe imepanda bei, anajibiwa hapo hapo, anaweza kusema punguzeni, wenzake wakikubali inapunguzwa. Halafu wanapiga kura kwa sauti, ikiwa haijulikani nani wengi wanahesabiwa. Kuna kamati ya watu watatu au watano wanaoendesha mji mwaka mzima lakini bajeti si yao, ni ya ule ukumbi. Na ajenda sharti ibandikwe siku 30 kabla, ni sheria, na kunachapwa kijitabu cha hesabu za mji, miji mingine mpaka majina ya wenye madeni ya kodi yamo ndani. Ami aliposikia hilo la majina alicheka mpaka akakohoa, akasema hapa kwetu hicho kitabu hakingefika gatini.

Hizo siku 30 ndizo zilizoniuma mimi. Kwa sababu mwaka juzi kuna ofisi moja hapa, siitaji, iliita wananchi watoe maoni ya bajeti, tangazo nimeliona kwenye grupu la wasap saa tatu usiku, mkutano kesho yake saa mbili asubuhi. Wavuvi wako baharini saa hiyo. Tulifika watu wachache, tukaandikwa majina, tukapewa soda na hati ya kurasa nyingi kwa Kiingereza cha wahasibu, na kabla hatujafika ukurasa wa tatu tukaambiwa ahsanteni maoni yenu yamepokelewa. Maoni gani? Mimi niliuliza choo kiko wapi tu.

Na si kwamba sheria yetu ni mbovu, katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na ukiishika inauma kweli. Mnakumbuka kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi, leseni ilifutwa Juni 2019 na mahakama maalum ya mambo ya mazingira, na hoja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ni hoja ya mkutano, si ya moshi! Lakini ilibidi watu wa Amu wapambane miaka kupata haki ambayo mzee yule anaipata kwa kuvaa koti na kwenda ukumbini.

Hesabu nyengine iliyonichoma: bunge la Vermont lina wawakilishi 150 na maseneta 30, yaani kila mwakilishi ana watu kama 4,300. Sisi Lamu sensa ya 2019 tulikuwa 143,920 na wadi zetu ni 10. Gawanya mwenyewe. Mwakilishi wa kule ukimkosa leo utamkuta kesho akinunua maziwa, na bunge lenyewe linakaa miezi michache tu, mkutano ukiisha mtu anarudi kwenye kazi yake.

Gavana wao anachaguliwa kila miaka miwili. Miwili! Wa sasa ni Phil Scott wa chama cha Republican, dereva wa mbio za magari, ashachaguliwa mara tano mfululizo tangu 2016. Na jimbo lenyewe kwa urais ni la wapinzani wao, Democrat, 2024 watu walewale siku ileile walimpa Kamala Harris kura za urais na Scott za ugavana. Hapa kwetu wimbo ni suti, yaani kura zote chama kimoja, suruali mpaka koti rangi moja, ukichanganya unaulizwa umelishwa nini.

Ami alimpenda zaidi Bernie Sanders. Mwaka 1981 alishinda umeya wa Burlington, mji mkubwa kuliko yote kule, kwa kura 10. "Kura kumi ni nyumba moja ya Mkomani," ami akasema, "na wengine wamelala." Leo ni seneta. Na seneta wa jimbo dogo kule si mtu mdogo, kila jimbo lina wawili, Vermont wawili na California yenye watu milioni 39 pia wawili, kama sisi hapa tulivyo na seneta mmoja sawasawa na Nairobi. Mwaka 2001 seneta wao mmoja, Jim Jeffords, alikihama chama cha Republican, na seneti ilikuwa 50 kwa 50, basi uongozi wote wa seneti ukageuka kwa miguu ya mtu mmoja.

Msidhani ni peponi lakini. Mgeni mwenyewe alituambia wanaohudhuria wanapungua, mwenye kazi ya mshahara anapataje Jumanne nzima, mwenye watoto wadogo je, na miji mingine siku hizi imehamishia mambo kwenye karatasi za kura, unaweka ndio au la unaondoka, kuuliza bei ya changarawe hakuna. Yeye hilo linamkera. Mimi nilimwambia labda vijana wanaona afadhali, akanikodolea macho kama nimemwaga kahawa yake.

Basi juzi ami alipouliza sikuwa na jibu. Leo alfajiri wasap imeingia. Walibishana karibu masaa mawili, lori jipya limekataliwa, la zamani litatiwa giaboksi, watalizungumza tena Machi ijayo. Nimempelekea ami habari akiwa kwenye bao, hakuinua hata kichwa. "Giaboksi mpya," akasema, "au mtumba?"

Nishamuuliza mgeni. Hajajibu bado.