Bogonvilia ya Mama

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka mno. Mitumbwi ilikaa juu ya tope mahali ambapo tulizoea kuogelea. Kwetu Mabatini, Mwanza, huko juu kwenye mawe, bomba la bondeni lilitoka kwa kubahatisha, na mbeba dumu la lita 20 nilikuwa mimi. Maji ya kupikia nilibeba bila kinyongo. Lililonichoma ni dumu la jioni, la bogonvilia ya mama.

Mama alikuwa ameshapoteza mawaridi yote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali kubwa lililokunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, hata ukuta wa chumbani ulikuwa wa moto saa nne za usiku. Bogonvilia ndiyo iliyovumilia, ila ilimnyima ua. Majani tele, mabichi, manene. Akaiongezea samadi. Ikazidi majani.

Akaja babu mmoja aliyekuwa akitunza bustani za mtaa wa Capri Point. Hakuanza na maua. Alisogeza udongo kwa kidole, akaunusa, akamtazama mama.

"Mama yangu, huu mti unaushibisha. Ukishiba hauna haja ya kuzaa."

"Sasa baba, na jua hili niuache ufe?"

"Hautakufa. Kwao ni Amerika ya Kusini, kiangazi unakijua kabla yako."

Akaomba panga. Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni huku matawi yakianguka, na babu akimweleza kwamba maua hutoka kwenye matawi machanga, ndiyo maana mti usipopogolewa unazeeka na majani yake. Samadi ikapigwa marufuku. Maji, asubiri mpaka majani yaanze kulegea. Mimi nilimshikia babu matawi, miba ikinichana, na sijawahi kumpenda mgeni kiasi kile.

Wiki kadhaa mama hakumsemea vizuri. Kisha mti ukawaka wote, rangi ya zambarau, hadi watu waliokuwa wakipanda njia ya mawe wakasimama kupumzikia hapo. Babu aliporudi alichuma kitawi kimoja akakifunua mbele yangu: hizo rangi ni majani tu, laini kama karatasi, ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati, kembamba, hata nzi angekapita.

Alituletea pia waridi la jangwani kwenye sufuria lililotoboka, shina lake limevimba kwa maji liliyojiwekea. "Ukilikata unawe, mjukuu. Utomvu wake watu walipaka kwenye mishale." Na hilo nalo halikutaka maji mengi. Nikahesabu nimestaafu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama amechimba tuta kando ya jabali, kwenye kivuli cha bogonvilia. Mchicha.

"Dumu liko pale," akasema.