Nilivyotenganisha dawa ya kichocho, ya kulia na ya kushoto

Nilikuwa natenganisha maumbo mawili ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kolamu, yaani bomba jembamba lililojaa unga ambamo vitu hupita na kuachana. Wiki mbili zilipotea kwa ushauri mmoja: "Dada, ongeza tu urefu wa kolamu, vitaachana." Aliyeniambia amenizidi uzoefu, nikamwamini. Niliunganisha kolamu mbili za C18, zile za kawaida, nikapunguza methanoli kwenye kimiminika kinachosukuma dawa, nikapunguza kasi. Kila mara kilele kimoja kwenye grafu ya mashine, kimesimama kama mlingoti. Kingekuwaje viwili? Molekuli za prazikwanteli ni kama viatu vya kulia na kushoto: uzito sawa, ngozi sawa. Kolamu isiyo na mguu wake haiwezi kuvitambua, hata uivute kutoka maabara yetu ya Chiromo, Nairobi, hadi Thika.

Jambo hili liko moyoni mwangu. Nimekulia Mwea, kwenye mpunga, na kichocho tunakijua. Vile vidonge vikubwa tulivipewa shuleni, wengine wakavitema kwa uchungu. Ndani yake ni nusu kwa nusu, maumbo mawili yanayoitwa R na S: umbo R ndilo linaloua minyoo, S halifanyi kazi ya maana, tena ndilo chungu zaidi.

Hatimaye nikaazima kolamu yenye mguu wake, ya selulosi iliyopakwa juu ya unga wa ndani, bei yake shilingi laki mbili na ushee. Yenyewe inataka heksani na ethanoli, na mashine yetu ilikuwa imejaa maji na methanoli. Heksani na maji havipatani. Mara ya kwanza niliosha mabomba kwa isopropanoli nusu saa, nikadhani maji yameisha. Heksani ilipoingia, presha ikapanda, ikaporomoka, pampu ikakohoa. Nashukuru kolamu ilikuwa bado kwenye boksi lake.

Mara ya pili nilibuni njia ambayo mpaka leo naipenda. Kila dakika kumi nilikinga matone yanayotoka kwenye kichupa, nikaongeza heksani, nikatikisa, nikainua dirishani. Kikifanya ukungu kama maji ya mchele, maji bado yamo. Nilirudia mpaka jua likaegemea upande wa Westlands, kichupa kikabaki angavu. Msisahau lupu, kile kibomba cha kudungia sampuli, maji hujificha humo. Na kloroformu isiikaribie kolamu ya aina hii, itaondoa upako wote.

Asubuhi vilele viwili, vimegusana miguuni. Nikapunguza ethanoli kidogo, vikaachana kabisa, ukubwa sawa kwa sawa. Niliita kila aliyekuwa koridoni aje aone.

Siku nne nilikusanya kila kilele chupa yake, nikakausha, nikapeleka kwenye polarimeta, kifaa kinachoonyesha dawa inageuza mwanga upande gani. Chupa ya pili niliyopima iligeuza mwanga kushoto. Kwa dawa hii, hiyo ndiyo R.