Mikono kwapani: siku moja na darasa la kwanza, Dodoma

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, sare ya mwanangu, daladala, na saa 1 kasoro niko getini kwa shule. Mwezi wa nane Dodoma ni upepo na vumbi. Watoto wanafika wamejikunyata kwenye masweta, midomo imepasuka kwa baridi, na kila mmoja anataka "Shikamoo mwalimu" yake iitikiwe peke yake.

Nafundisha darasa la kwanza kwenye shule ya serikali pembezoni mwa jiji, upande wa barabara ya Singida. Watoto wangu wamepita themanini. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, na Serikali ikahamia huku kwetu, madarasa yalijaa na bado yanajaa. Watu wakisikia nafundisha la kwanza husema, "Aa, hao ni kuimba nao tu." Wananipa pole pale mtihani wa la saba unapokaribia, wakati mimi sisimamii mtihani wowote. Kazi yangu hawaioni. Kabla ya kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto wa miaka sita lazima aweze kukitaka kitu kwa moyo wote na bado asikirukie. Asiyeweza hilo hawezi kusikiliza sentensi mpaka mwisho. Herufi atazijuaje?

Saa 1:30 usafi, kisha mstarini. Saa 2 tunaingia darasani.

Kipindi cha kwanza naanza na dumu tupu la lita ishirini. Nikilipiga wanacheza, nikinyamaza wanaganda. Huku Ugogoni mtoto amekulia kwenye ngoma. Amewaona mama zake wakipiga muheme, kwa hiyo kucheza hakuna haja ya kumfundisha. Ninachokitafuta ni ile nukta ya kuganda. Leo nimepiga kwa kasi, nikakata ghafla. Mabega yote yametulia isipokuwa mguu mmoja wa kushoto kule nyuma, unatikisika wenyewe, na mwenye mguu anautazama kwa hasira kana kwamba si wake. Halafu tunageuza: nikisema gusa kichwa, wanagusa magoti, nikisema magoti, wanagusa kichwa. Huko Marekani watafiti hutumia mchezo wa namna hii kupima uwezo wa mtoto kujizuia kabla hajaanza shule. Mimi sipimi, nafanyisha mazoezi. Sehemu ya ubongo inayoshika breki, hapa nyuma ya paji la uso, huendelea kukua mpaka mtu anapita miaka ishirini. Kumwambia mtoto wa sita "tulia!" bila kumwonyesha namna ya kutulia ni kumdai asichonacho.

Saa 3, kuhesabu kwa vizibo vya soda. Kila dawati lina rundo lake, na sheria ni moja: hakuna kugusa mpaka niseme tatu. Wanaoelewa sheria hiyo ni wote. Wanaoiweza ni wachache, na idadi inaongezeka kila wiki, na hilo ndilo linalonifanya nipende kazi hii. Nimewafundisha mbinu: ukisikia mkono unataka kwenda, uufiche kwapani. Ukisikia jibu linakutoka, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo unyooshe kidole. Zamani ilikuwa "Mimi mwalimu! Mimi! Mimi!" huku wamepanda juu ya madawati wakipiga vidole. Leo kuna binti mmoja amejikumbatia mikono kwapani mpaka sweta limemkaba shingo, macho yamemtoka, anatikisa midomo: moja, mbili, tatu. Nilimchagua yeye. Alikosea jibu, na darasa zima lilimpigia makofi kwa sababu alisubiri.

Saa 4 ni uji.

Saa 4 ilifika, uji haukufika. Maji hayakutoka tangu jana, na kijana wa bodaboda anayetuletea madumu alichelewa. Sufuria liko jikoni, kuni zinawaka, maji yanaanza tu kupata moto. Watoto themanini na kitu wamekwisha kutoka, vikombe mkononi, wamepanga mstari kuanzia jikoni mpaka kwenye mwarobaini. Wengi hawakula kitu asubuhi. Naomba mtu yeyote anayesema watoto wa siku hizi hawana adabu aje asimame pale nusu saa tu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa mpishi kumuuliza ukweli. "Dada, usinipe moyo, niambie saa." Akaniambia saa 5 kamili, na nikarudi na saa 5. Sikuwaambia "sasa hivi", wala "bado kidogo". Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa 2013, ambalo kila mtu mzima mwenye mtoto angepaswa kulijua. Watoto waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Wengine waliletewa kweli, wengine wakaambiwa samahani, havipo. Baadaye wote wakawekewa pipi laini moja, wakaambiwa wakisubiri watapata mbili. Walioletewa vifaa walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Kwa mtoto aliyezoea ahadi hewa, kukwapua kilichopo ndiyo akili. Hata mimi ningekwapua.

Kwa hiyo tuligeuka. Mstari mzima uligeuzia sufuria mgongo, kwa sababu Walter Mischel wa Stanford, aliyeanzisha majaribio hayo ya pipi miaka ya 1960, aliona kwamba mtoto anayekikodolea macho kitamu hushindwa upesi, na anayeziba macho au kujiimbia wimbo hudumu. Tukaimba. Tukahesabu ndege. Tukacheza dumu bila dumu. Vumbi likaja, tukafumba macho, likapita, tukaendelea. Dakika ishirini walishika. Nasema kwa fahari: dakika ishirini, na njaa, na harufu ya moshi.

Kisha mvulana wangu mmoja, yule anayekaa na bibi yake, akaona mpishi ameinua upawa. Akatoka nafasi yake akakimbilia mbele, akamkumba msichana, kikombe cha plastiki kikaenda chini kikapasuka mdomo. Msichana akamzaba kofi. Mstari ukavunjika. Na katika dakika hiyohiyo, baba mmoja mzazi alikuwa ameingia kuleta daftari lililosahaulika.

"Mwalimu, hao wachape! Unawabembeleza nini?"

"Karibu, baba. Nipe dakika moja."

"Sisi tulichapwa, tukawa watu."

Huku ananifuata. Nimemshika mvulana mkono huu, msichana mkono huu, themanini wananizunguka wanaeleza wote kwa pamoja, na baba anazungumza kwa sauti ya kuwafanya walimu wa madarasa mengine wachungulie dirishani. Akaniambia la kwanza limekuwa chekechea. Akaniambia wanawake tuna huruma ya kuharibu. Nilimjibu kwa heshima, ingawa koo lilikuwa limekauka kwa vumbi na kuimba. Nilimwambia kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa ruhusa ya kuchapa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, si kila mwenye fimbo. Na nilimwambia jambo ninaloliamini hata kama kanuni zingeniruhusu: mtoto aliyechapwa anajifunza kuangalia kama mwalimu yupo. Mwalimu akigeuka, mkono unakwenda. Mimi nataka breki iwe ndani ya mtoto, si ndani ya ofisi yangu.

"Tutaona," akasema. Akaacha daftari juu ya jiwe, akaondoka.

Mvulana nilimrudisha pale alipotokea. Tulirudia tukio lote polepole, kama mchezo: upawa umeinuka, wewe unataka kukimbia, mikono inakwenda wapi? Akaificha kwapani. Tukarudia tena. Kisha akaokota kikombe, akampa mwenzake cha kwake, akasubiri mpaka kikapatikana kingine. Saa 5 na dakika chache, uji ukaanza kugawiwa. Nilikuwa nimewaambia saa 5.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Kuandika, herufi "m", penseli zisizo na ncha, wawili wanaoomba kwenda chooni kila baada ya mstari. Kuna mmoja alilala, nikamwacha. Sauti yangu ilikuwa imebaki nusu. Niliwaruhusu, nikabaki na madaftari themanini, miguu nimeivua viatu chini ya meza.

Ndipo bibi wa yule mvulana akaingia kumchukua. "Mbukwenyi," nikamwamkia kwa Kigogo, akacheka, akakaa kwenye dawati dogo. Nilimsimulia ya leo bila kumsema mtoto vibaya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nyumbani ni hivyohivyo: usiku wakitega vitendawili, huyu hujibu kabla bibi hajamaliza kutega. Kwa hiyo ameweka sheria. Anayekatiza hana haki ya kujibu, anatoa mji papo hapo. Mtoto ameshatoa miji mpaka imekwisha, anaanza kurudia ileile, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, na sasa ameanza kujikaza.

Nikaweka kalamu chini. Hapo kuna kila kitu ninachohangaika nacho: kumsikiliza mwenzako hadi mwisho, kulizuia jibu linalowasha ulimi, na kukatiza kunakokugharimu mji wako. Nilisoma pia kwamba watoto wa Kinso wa Kameruni walipofanyiwa jaribio lile la kusubiri, waliwashinda kwa mbali wenzao wa Ujerumani. Sikushangaa. Kilichonishangaza mbele ya bibi huyu ni kwamba hakuna anayemuuliza yeye.

Nimemwomba aje Ijumaa, kipindi cha mwisho, atutegee vitendawili darasa zima kwa sheria zake. Mwalimu mkuu amekubali. Bibi amesema atakuja, ila siku hiyo ana kliniki ya macho hospitali ya mkoa na hajui atatoka saa ngapi. Watoto sijawaambia. Nitawaambia atakaponipigia simu akiwa njiani.