Siku moja maishani mwangu: viota, miiba na chungu

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshavaa gambuti. Laikipia ikinyeshewa usiku, udongo wetu mweusi hunata kama ulimbo, pikipiki haifai. Chai, chapati moja, askari wa kutulinda na nyati, tukaondoka.

Watu wa kwetu husema nalipwa kuhesabu chungu, yaani sisimizi. Nusu ni kweli. Natafuta viota vya ndege kwenye migunga ile yenye vinundu vyeusi, ambayo upepo ukipita hupiga mluzi, kisha naandika chungu gani anaumiliki mti. Wako aina nne, na kwa kawaida mti mmoja ni wa ukoo mmoja. Twawaita kwa rangi: mwekundu tumbo jeusi, mkali; mweusi tumbo jekundu, mkali pia, anayekata machipukizi hadi mti unajikunyata; mweusi tii, mpole, mpangaji wa mashimo yaliyotobolewa mtini na mabuu; na yule mwembamba. Ndege anayejenga humo anajenga kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mkali humfanya hata tembo aache tawi.

Hadi saa nne: miti thelathini, viota vitatu.

Saa nne na nusu siku ikaharibika. Mti wa viota vitano, kibati cha namba hakipo. Nikagonga tawi, wakatoka wekundu. Nikagonga la pili, weusi. Hiyo ni vita, na vita maana yake nisimame palepale nihesabu tawi kwa tawi, huku wananipanda shingoni. Akaja mzee na mbuzi wake.

"Kijana, haya uliyasomea?"

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Akacheka mpaka akaegemea mti. Nilisema "mzee, usi—", shuka ikawa imeshavuliwa mbele ya mbuzi wote. Alipotulia akaniambia miti ya hao wekundu yeye huijua kwa mbuzi: mbuzi wanang'ata tawi mara moja, wanakwenda zao. Niliandika ukingoni mwa daftari. Fomu haina nafasi ya mbuzi.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Jua, tope limekauka miguuni kama saruji, askari analalamikia njaa. Nainua kioo juu ya fimbo nichungulie viotani, nashusha, nainua. Kiota chenye matundu mawili, ndege wanalala tu humo. Kingine tundu moja limezibwa: mayai. Chungu mwekundu alikuwa akizunguka ukingo wa nyasi, haingii. Nilikaa hapo kuliko inavyotakiwa, shingo ikiniuma.

Jioni mke wangu alikung'utia shati langu nje ya mlango.

"Leo wangapi?"

"Ndege au chungu?"

"Wa kwenye kola."