Kuvizia nguruwe mwitu bila mafanikio: tatizo lilikuwa alama za zamani

Nilikuwa navizia penye ardhi iliyofukuliwa, na nguruwe hawatokei. Sababu: mafukuo yale yalikuwa ya siku nyingi. Mafukuo mapya yana udongo mweusi wenye unyevu, na mizizi iliyokatwa bado mibichi. Ukikuta ukoko mkavu juu au miche imeanza kuota, kundi limeshahama.

Nyayo nazo nilizichanganya na za swala. Kwato za nguruwe ni butu mbele, za swala zimechongoka. Kwenye tope, vikwato viwili vya nyuma vya nguruwe huacha alama zilizotanuka nje ya upana wa kwato. Ardhi ngumu haionyeshi vikwato, kwa hiyo usivitegemee peke yake.

Ninachokiamini zaidi ni dimbwi la kugaagaa. Nguruwe hajipozi kwa jasho, hivyo wakati wa joto hulirudia mara kwa mara. Maji yakiwa bado yametibuka, ametoka muda si mrefu. Kagua na miti ya jirani: tope bichi lenye manyoya magumu kwenye gome ni alama ya leo, na kimo chake hukupa makadirio ya ukubwa wa mnyama.

Kilichomaliza tatizo ni tawi tu. Jioni, sawazisha kwa tawi udongo kama mita 1 kwenye kila njia inayoingia dimbwini, kisha kagua alfajiri. Njia yenye nyayo mpya siku 2 au 3 mfululizo ndiyo ya kuvizia, ukikaa upepo ukitokea njiani kuja kwako. Pua yake ni kali mno. Ukikosea upepo, hutamwona kabisa.