Madrid mpaka Lisbon: tiketi inasema dakika 20, usishtuke

Jamaa kanitumia skrinshoti ya tiketi anauliza kama katapeliwa: ndege inatoka Madrid saa nne kamili asubuhi, inatua Lisbon saa nne na dakika 20. Hajatapeliwa. Ureno iko nyuma ya Hispania saa moja, na tiketi siku zote inaandika saa ya mji husika, kwahiyo ukienda upande wa pili utaona umeondoka Lisbon saa nne umefika Madrid saa sita na dakika 20, utadhani rubani alipotea njia. Ukweli ni saa moja na dakika ishirini hivi, iwe kwenda au kurudi.

Hii ya saa nayo ina mambo yake. Hispania walisogeza saa mbele 1940 enzi za dikteta wao Franco na hawakurudisha tena. Ureno walijaribu kuwafuata 1992, watoto wakawa wanaenda shule giza totoro, 1996 wakarudi kwenye saa yao ya zamani. Ndo maana ukiangalia ramani unakuta Galicia, ambayo ni Hispania na iko juu kabisa ya Ureno, inatembea na saa ya Madrid wakati jua lao ni lilelile la Ureno.

Umbali kwa anga ni kama kilomita 500, kwa barabara inafika 630 hivi ukipitia Badajoz, mji wa Hispania pale mpakani. Sasa mtu atasema ndege inakimbia 800 kwa saa, mbona isifike nusu saa na kitu? Ni kwamba hiyo spidi unaipata huko juu tu, na safari yenyewe fupi, ikimaliza kupanda inakaa kidogo inaanza kushuka, halafu Barajas, airport ya Madrid, ni kubwa jamani, ikishatua bado inatembea chini weee mpaka unahisi inarudi Ureno kwa barabara. Muda wote huo umo kwenye tiketi.

Mi nahesabu mlango kwa mlango. Airport ya Lisbon iko mjini kabisa, metro laini nyekundu inakufikisha, ila ndege za bei rahisi nyingi zinaondokea Terminal 2 na huko unapanda kibasi kutoka Terminal 1. Madrid unachukua metro laini ya 8 mpaka stesheni ya Nuevos Ministerios, kuna nyongeza ya yuro 3 ya airport. Muhuri hakuna, nchi zote mbili ziko Schengen, yaani zile za Ulaya zisizokaguana pasi mpakani, lakini pasi au kadi ya ukaazi ubebe, getini wanaweza kuiomba. Jumla masaa manne mpaka matano.

Treni ya moja kwa moja hamna. Ile ya usiku, Lusitania, ilisimamishwa Machi 2020 wakati wa korona ikawa ndo basi, sahivi unabadilisha badilisha treni siku nzima. Madrid na Barcelona ningekwambia panda treni bila kufikiria, masaa mawili na nusu tu, ila hapa ndege inashinda, labda uwe na mabegi mengi ndo upande basi la usiku pale stesheni ya Oriente, Lisbon, masaa nane hivi.

Na kama unaunganisha ndege nyingine Madrid kwa tiketi tofauti, piga hesabu kwa saa ya Madrid na ujiachie nafasi ya kutosha, manake Terminal 4 (T4) iko mbali na hizo terminal nyingine na kuhama ni kwa basi, bure lakini lazima ulisubiri.